Naanza kazi katika ofisi ndogo ya uhasibu: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza masomo ya uhasibu na nimepata kazi ya mhasibu msaidizi katika ofisi ndogo: mwenye ofisi, wahasibu wawili wazoefu, na mimi. Wanatunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo, wanaandaa hesabu za mwisho wa mwaka na kushughulikia kodi. Masomoni nilifaulu vizuri, lakini sijawahi kugusa vitabu vya biashara halisi. Naogopa kuuliza sana nikaonekana sijui kitu, na naogopa zaidi kuharibu hesabu za mtu. Hata programu wanayotumia siifahamu. Naanza mwezi ujao. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kazi. Nimekuwa nikipokea wahasibu wachanga na kukagua kazi zao kwa miaka mingi, kwa hiyo hofu zako si ngeni kwangu. Ya kuharibu hesabu ina msingi na nitaifikia. Ya kuonekana hujui kitu iache leo hii. Aliyekuajiri ameona vyeti vyako, anajua hujawahi kushika vitabu vya mteja, na amekupangia kazi akilijua hilo. Ofisi ya watu wanne haimtegemei mgeni aokoe jahazi. Inachokihitaji kutoka kwako ni kitu ambacho mitihani haikupimi: kazi ambayo mtu mwingine anaweza kuichukua mezani kwako siku ambayo haupo, akaelewa kila namba imetoka wapi.

Fikiria upande wa bosi wako. Anakutana na wateja mchana, anajibu simu za watu wa kodi, kisha jioni ndipo anafungua faili uliyomwachia. Akikuta akaunti ya matengenezo ina 74,000 na hakuna alama ya kuonyesha zimetoka wapi, ana njia mbili: kukusubiri hadi kesho au kuifanya upya mwenyewe. Kuifanya upya ni haraka zaidi. Hilo likitokea mara kwa mara, ataanza kujiuliza kwa nini alikuajiri, hata kama namba zako zote ni sahihi. Wakaguzi wamelifanya jambo hili kuwa sheria ya kazi: kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230 kinataka nyaraka ziandaliwe kiasi kwamba mkaguzi mzoefu ambaye hakuwahi kuhusika na kazi ile aweze kuelewa kilichofanyika, ushahidi uliopatikana na hitimisho lililofikiwa. Kutunza vitabu si ukaguzi, lakini kipimo hicho kichukue kama chako.

Kwa vitendo, maana yake ni hii. Kila salio lililo kwenye mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji wa biashara) liwe na karatasi nyuma yake, iwe ya kushikika au ya kompyuta. Salio la benki linaungwa mkono na taarifa ya benki, wadaiwa na orodha ya ankara ambazo hazijalipwa, mkopo na barua ya mkopeshaji, uchakavu, yaani kupungua kwa thamani ya mali, na rejesta ya mali. Mwanzoni mwa faili andika maelezo mafupi: nimefanya nini, nimetumia nyaraka zipi, nini kimebaki, nani anasubiriwa. Na usiandike kamwe juu ya nakala halisi ya mteja. Toa kivuli, alama zako ziende huko.

Wiki ya kwanza, kabla hata hujapewa kazi yoyote ya maana, omba faili la mwaka jana la mteja mmoja mdogo, ambalo limekamilika na kusainiwa. Anzia mwisho urudi nyuma. Chukua namba moja kwenye mizania, itafute kwenye urari (orodha ya salio za akaunti zote), kutoka urari nenda kwenye leja (kitabu chenye maingizo ya kila akaunti), kutoka leja nenda kwenye ankara yenyewe. Fanya hivyo kwa namba kadhaa. Utajua ofisi yako inavyopanga mafaili, inavyoyaita mambo, inaweka alama gani, na bosi alikosoa nini pembeni kwa kalamu. Sijui mafunzo bora kuliko hayo, na hayamgharimu mtu yeyote muda wake.

Kazi ya kwanza utakayopewa karibu hakika ni usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja ya mteja na taarifa ya benki na kueleza kila tofauti. Wachanga wengi huiona kazi ya kuchosha, ya kupewa mtu asiyejua lingine. Mimi naiona ndiyo kazi inayomfanya mtu kuwa mhasibu, kwa sababu benki ndiyo karibu shahidi pekee aliye nje ya biashara anayekuletea habari kila mwezi bila kuombwa. Kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Kitu cha kwanza kinachowachanganya watu ni pande. Mteja akiweka fedha benki, leja yake inaandika debiti, lakini taarifa ya benki inaonyesha krediti. Hakuna aliyekosea. Taarifa ile imeandikwa kwa macho ya benki, na kwa benki fedha za mteja ni deni inalodaiwa.

Kitu cha pili ni pa kuanzia. Anza na usuluhishi wa mwezi uliopita, uhakikishe ulikubali kweli na kwamba salio lake la mwisho ndilo salio la mwanzo la mwezi huu. Nimeona watu wakipoteza siku nzima wakisaka tofauti ya Machi iliyozaliwa Januari.

Sasa tuchukue mfano. Leja inasema 485,200, benki inasema 497,150. Unapitisha alama mstari kwa mstari na unakuta hundi za 21,000 zimetolewa lakini hazijafika benki, na fedha 6,400 zilizopelekwa siku ya mwisho ya mwezi ambazo benki haijaziandika. Ukirekebisha upande wa benki unapata 482,550. Upande wa leja kuna makato ya benki 850 ambayo hakuna aliyeyaingiza. Ukiyatoa unabaki na 484,350. Bado kuna tofauti ya 1,800.

Hapa ndipo wengi huanza kupitia kila mstari upya kwa hasira. Subiri. Itazame kwanza tofauti yenyewe. Je, kuna muamala mmoja wa 1,800? Ukiwepo, huenda umeachwa, au umeingizwa mara mbili. Nusu yake, 900, ipo? Kiasi kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti mara mbili ya kiasi hicho. Je, inagawanyika kwa 9? 1,800 kwa 9 ni 200 kamili, na hiyo ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi. Lile jibu la 200 linakwambia zaidi: tafuta namba ambayo tarakimu zake za maelfu na mamia zinapishana kwa 2. Unapitia malipo na unakuta 5,300 iliyoingizwa kama 3,500. Ukiirekebisha, leja inashuka hadi 482,550 na kazi imekwisha. Hata sifuri iliyosahauliwa, 1,200 ikawa 120, huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Lakini usiifanye dalili kuwa hukumu, maana namba moja katika kila 9 hugawanyika hivyo bila sababu yoyote.

Jambo ambalo usilifanye ni kuweka ingizo la 1,800 kwenye akaunti ya muda (ya kushikilia kiasi ambacho bado hakijajulikana pake) ili mambo yakubali, kisha ukanyamaza. Akaunti ya muda si dhambi, ila kila kiasi kilichomo kiwe na maelezo na tarehe ya kufuatiliwa. Tofauti ndogo pia isikudanganye. Tofauti ya 40 inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana.

Ukimaliza, tazama tena vitu ambavyo bado havijafika benki. Hundi iliyotolewa jana ni kawaida. Hundi inayojitokeza kwenye orodha mwezi baada ya mwezi inahitaji kuulizwa: ilipotea, ililipwa kwa njia nyingine, au haikuwahi kutoka kwenye droo? Fedha zinazosemekana zimepelekwa benki tangu wiki tatu zilizopita na hazijafika, hizo ziripoti kwa bosi siku hiyohiyo bila kumtuhumu mtu.

Kuna jambo ulilosoma ambalo utalikuta limegeuka. Masomoni ulihangaika kufanya urari ukubali. Kwenye programu za leo urari karibu kila mara unakubali, kwa sababu programu inakataa ingizo ambalo pande zake hazilingani. Usishangilie. Makosa yaliyobaki ni yale ambayo urari haukuwahi kuyaona hata enzi za madaftari: ankara iliyoachwa kabisa, ankara iliyoingizwa mara mbili kwa sababu moja ilikuja kwa barua pepe na nyingine kwa mkono, mashine mpya iliyoandikwa kama matengenezo, malipo ya mteja mmoja yaliyowekwa kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana naye. Dawa yake ni kusoma akaunti, siyo kujumlisha. Fungua leja ya kila akaunti uipitie kwa macho. Kodi ya pango inalipwa kila mwezi, mbona imeonekana mara 11? Umeme umepanda mara tatu mwezi mmoja tu, kwa nini? Linganisha na mwaka jana. Mtu anayesoma akaunti hivi kwa nusu saa huokota makosa ambayo programu haitayaona milele.

Sasa ile hofu ya kuharibu. Kosa la hatari zaidi kwa mgeni ni dogo sana kwa sura: tarehe. Mwaka umeanza, mkono bado umezoea mwaka uliopita, unaingiza malipo ya Januari kwa mwaka wa zamani. Kama kipindi kile hakijafungwa kwenye programu, umeshabadilisha hesabu ambazo mteja alizisaini na huenda zimeshapelekwa kwa mamlaka ya kodi, wala hakuna kengele iliyolia. Kinga ni rahisi: kila unapomaliza kazi ya mteja, chukua mizania iliyosainiwa ya mwaka jana na uilinganishe na salio anzia za mwaka huu, hasa faida iliyolimbikizwa, yaani ya miaka iliyopita iliyobaki kwenye biashara. Zikitofautiana, mtu ameingia kwenye mwaka uliofungwa. Ukikuta ni wewe, mwambie bosi leo. Usifute kimyakimya. Programu nyingi huhifadhi kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi, na hata zisingehifadhi, ingizo lililorekebishwa kwa ingizo la kulibatilisha linafuatilika, lililofutwa halifuatiliki.

Kuhusu maswali. Kuuliza si ujinga, ila ofisini methali hiyo ina mpaka wake: kuuliza lilelile mara ya tatu. Kuwa na daftari, na kila jibu liandike na tarehe. Maswali yasiyo ya haraka yakusanye uyapeleke pamoja, labda kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kufunga ofisi. Kila swali lije na ulichokwisha kuangalia na unachodhani. Usiseme "hii ankara niiweke wapi?" Sema: "Ankara hii ni ya kubadilisha injini ya gari. Mwaka jana matengenezo ya gari yaliwekwa gharama, lakini hii ni kubwa na nadhani inaongeza maisha ya gari, kwa hiyo napendekeza iingie kwenye mali. Niko sahihi?" Bosi atajibu kwa neno moja, na hata kama umekosea ameona unavyofikiri.

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari. Chochote kinachotoka nje ya ofisi kwenda kwa mteja, benki au mamlaka ya kodi, chochote kinachofuta, malipo yoyote, na tarehe ya mwisho ambayo unaona hutaiwahi. Hayo unainuka na kuuliza papo hapo. Bosi anayenuna kwa kukatizwa saa tisa alasiri atanuna zaidi kwa faini.

Wateja wadogo watakushangaza. Kuna atakayekuletea mfuko umejaa risiti zilizokunjamana, nyingine zimefifia hazisomeki, na katikati yake kuna risiti ya viatu vya mtoto. Usicheke, na usimhubirie. Panga kwa mwezi kwanza, kisha kwa aina. Zile zinazofifia zipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi ya mashine za risiti huchukia joto na mwanga. Matumizi yake binafsi yaliyopitia fedha za biashara hayaingii kwenye gharama za biashara. Kama biashara ni yake peke yake, hayo ni fedha alizojichukulia. Kama ni kampuni, mara nyingi ni deni analodaiwa na kampuni yake, na hapo mwachie bosi aamue. Usilolijua usilikisie. Tengeneza orodha moja ya maswali kwa mteja, yenye tarehe, kiasi na ulizo fupi, umpelekee yote pamoja kupitia kwa bosi. Mteja anayepigiwa simu mara sita kwa siku kuhusu risiti sita huanza kutafuta ofisi nyingine.

Kuna siku mteja atakuita pembeni. Atakuomba ubadilishe tarehe ya ankara iangukie mwaka mwingine, au "uipunguze faida kidogo tu, benki wala hawataona". Atakuomba wewe, siyo bosi, kwa sababu wewe ni mgeni na unataka kumpendeza kila mtu. Jibu ni moja: "Hilo siwezi kuamua, nitamweleza bosi." Kisha umweleze kweli, na uandike kwenye faili tarehe na kilichosemwa. Kanuni ya maadili ya kimataifa ya wahasibu, inayotolewa na IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili ya wahasibu, imejengwa juu ya misingi mitano: uadilifu, kutoegemea upande, uwezo wa kitaaluma na umakini, usiri, na mwenendo unaoifaa taaluma. Haisemi kwamba mhasibu msaidizi hahusiki. Ombi kama hilo likitoka kwa bosi mwenyewe, muombe akupe maelekezo kwa maandishi. Ombi hilo peke yake mara nyingi hulimaliza jambo. Lisipolimaliza, usiliingize, na ujue kwamba ofisi ile haikufai, hata kama ni kazi yako ya kwanza.

Usiri ni mgumu zaidi katika ofisi ndogo kwa sababu wateja mara nyingi wanajuana, na baadhi yao wanakujua wewe. Utajua nani anadaiwa, nani anamlipa nani, biashara gani yenye sura nzuri imekufa ndani. Kanuni ile ya maadili inatahadharisha hata juu ya kuyatoa bila kukusudia mbele ya jamaa wa karibu na washirika wa karibu wa kibiashara, na wajibu huo hauishi unapoacha kazi. Meza yako isiachwe na faili wazi mteja mwingine akiingia. Na usiseme "mteja wetu mmoja mwenye duka la vipuri" kwenye mazungumzo, maana msikilizaji ataunganisha.

Majedwali ya hesabu kwenye kompyuta unayajua, kwa hiyo nitapita haraka, ila kuna mitego mitatu utakayokutana nayo mapema. Namba zilizonakiliwa kutoka kwenye taarifa ya benki huweza kuhifadhiwa kama maandishi, na kanuni ya kujumlisha, SUM, inaziruka bila kusema neno. Tarehe 03/04 kompyuta inaweza kuisoma Aprili 3 au Machi 4 kulingana na ilivyopangwa. Na faili la zamani la Excel lina mwisho wa mistari 65,536. Mwaka 2020 Uingereza ilipoteza kwa muda visa karibu 16,000 vya korona kwenye takwimu zake kwa sababu ya kikomo hicho. Wakati wote weka jumla ya kuhakiki pembeni: jumla ya ulichonakili ilingane na jumla ya ulikonakili.

Kuhusu programu usiyoifahamu, usilale macho. Mfumo wa kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, ulichapishwa na mtawa Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, na programu zote unazoweza kukutana nazo zinafanya jambo lilelile kwa vitufe tofauti. Unachohitaji kujua kwenye programu ngeni ni machache: namna ya kufungua leja ya akaunti moja, namna ya kutoka kwenye namba hadi kwenye ingizo lililoizaa, namna ya kubatilisha ingizo, namna ya kuona kipindi kipi kimefungwa, na namna ya kutoa taarifa nje. Mengine yatakuja na kazi.

Bado una wiki kadhaa mkononi. Mpigie simu mwenye ofisi, mshukuru kwa nafasi, umuulize jina la programu na toleo lake. Programu nyingi za aina hiyo zina kampuni ya mfano ya kujifunzia au toleo la majaribio. Humo ingiza ununuzi, mauzo, mishahara na makato ya benki ya mwezi mmoja, kisha ufanye usuluhishi. Baada ya hapo fanya makosa kwa makusudi, ingiza ankara mara mbili, weka tarehe ya mwaka jana, badilisha tarakimu, uone kila kosa linajitokeza wapi na programu inakaa kimya wapi.